Miti Tisa ya Mwanzo Mgumu

Jumanne, 8 Oktoba

Nafasi ni moja. Mzee Romani ametangaza leo jioni kwenye kikao cha chama. Alisimama kabisa, jambo ambalo hulikwepa kwa sababu ya goti. Watafiti wanakwenda kuhesabu ndege milima ya Usambara, wiki nzima, na gari lao lina kiti kimoja cha ziada. Kiti ni cha mwanachama atakayeonyesha kitu cha maana zaidi kwenye matembezi yetu ya Jumamosi ya tarehe 19: msitu wa Pugu na mashamba ya nyuma yake.

Chama chetu cha watazama ndege kina watu saba. Watano huja kwa ajili ya chai. Waliobaki ni mimi na Felicitas.

Felicitas anatoka Mikocheni. Ana kamera yenye lenzi ndefu kama mchi. Anacheka na kila mtu. Hawezi kutofautisha shore na chiriku mpaka aambiwe, na tatizo ni kwamba kila mtu humwambia.

Mimi nimesoma kitabu cha ndege mara nne, pamoja na faharasa. Kiti ni changu.

Kikwazo: kanuni ya Mzee Romani. Ndege bila shahidi ni hadithi. Lazima mtu wa pili awe amemwona na aweke saini. Sina mtu wa pili. Sijawahi kumhitaji.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeamua kumfundisha Shangazi Marietha kuwa shahidi. Naishi kwake hapa Gongo la Mboto. Uani kuna mti mmoja, unatosha kwa mafunzo. Nikampa darubini. Akaielekeza kwa jirani. Akanijulisha kwamba Mama Recho ameanua nguo na hazijakauka.

Nikamgeuza kuelekea mtini. Ndege gani? Kunguru, akasema. Alikuwa kunguru! Nikapata matumaini. Wa pili alikuwa chozi, mdogo kama kidole gumba, anang'aa kijani. Shangazi akasema kunguru mtoto.

Kisha akashusha darubini, akaniuliza kwa upole: Tupokigwe mwanangu, huko msituni wanaume wapo? Nikamwambia kuna vigong'ota. Amesema ataniweka kwenye maombi ya jumuiya.

Mpango umefutwa.

Jumamosi, 12 Oktoba

NIMEMPATA!

Nilikwenda peke yangu, mapema, hadi Mwanzo Mgumu, kitongoji kilicho nyuma ya msitu. Mgeni hupaswa kupita kwanza kwa mwenyekiti, kusalimia, kueleza shida yake na kusaini kitabu cha wageni. Sikupita. Kitabu cha wageni husomwa na wageni. Felicitas angeona jina langu.

Saa tatu kasoro, pembeni mwa shamba la mihogo: hondohondo dume, mdomoni ana kuyu, tunda la mkuyu. Akatua kwenye mvule mzee wenye tundu. Tundu limezibwa kwa tope, umebaki ufa tu. Kwenye ufa ukatokea mdomo wa jike. Akapokea. Amejifungia humo ndani na mayai yake, haoni mtu, haongei na mtu, analetewa chakula. Nilimwonea wivu kidogo.

Kiota chenye jike ndani! Felicitas apige picha shore wake.

Sasa, usalama wa siri. Lazima niutambue mvule wangu, lakini nikiuwekea alama peke yake, mtu atauliza una nini. Nilikuwa na utepe mwekundu kwenye mkoba, uliobaki tulipofunga zawadi ya kuzaliwa ya Mzee Romani. Nikafunga miti tisa. Kila baada ya hatua ishirini, kutoka barabara ya vumbi hadi bondeni, kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa napenda utaratibu. Kila mmoja nikaupa namba kwa kalamu ya wino mzito. Wa hondohondo ni namba sita. Hakuna atakayejua.

Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia aliacha jembe, akanitazama kuanzia namba moja hadi namba tisa. Akaniuliza kwa adabu kama natoka ofisini. Nikamwambia siwezi kuzungumzia jambo hilo kwa sasa. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa vizuri sana.

Jumapili, 13 Oktoba

Misa ya kwanza. Padri amehubiri kuhusu kiburi. Inasikitisha kwamba Felicitas husali parokia nyingine.

Mchana ameniandikia: Shosti mambo! Jumamosi twende wote basi, nibebe maandazi? Mbinu ya wazi. Nimesubiri saa tatu nzima, nikajibu: Sawa.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, maktaba ya chuo kule Mabibo. Nimesema naumwa jino. Nimekwenda kukagua kiota.

Mwanzo Mgumu haikuwa ile niliyoiacha.

Kufuata mstari wa utepe wangu, pande zote mbili, kuna miche ya minazi. Imebanana kama mchicha. Kati ya namba tatu na namba nne kuna nyumba ya udongo ambayo Jumamosi haikuwepo. Ina mlango na kufuli. Haina ukuta wa nyuma. Kati ya namba saba na namba nane kuna kaburi.

Yule bibi wa jembe alinipokea mwenyewe. Anaitwa Bibi Apolonia, alihamia hapa kutoka Masasi miaka ishirini iliyopita. Alinionyesha kaburi la marehemu mumewe, Wilfred, mchonga vinyago, aliyefariki zamani sana. Saruji ilikuwa mbichi. Nikampa pole. Mzee aliyekuwa amechuchumaa akiupiga msasa msalaba akajibu kwa niaba ya familia: tumeshapoa. Bibi akamwita aje kunywa uji. Alimwita Wilfred.

Msalaba ni wa mpingo. Kusema kweli ana mkono.

Kisha Bibi Apolonia akanisogelea. Barabara, mjukuu wangu, ni ya lami au ya kifusi?

Hapo ndipo nilipoelewa. Wanapanda ili wakipimwa walipwe fidia! Ukweli ungenichukua dakika moja: ni mimi, nataka kwenda Usambara. Lakini ukweli ukitoka Jumatano, Jumamosi Felicitas ataukuta umekaa kivulini unamsubiri.

Nikasema jambo bado liko kwenye mchakato.

Neno zuri, mchakato. Lilifika mwisho wa kitongoji kabla yangu. Wakati naondoka walikuwa wanashusha miche mingine kwenye toroli.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimetoka kazini mapema, nikarudi tena. Mtu anaitwa Gozbert anajenga kibanda cha duka chini kabisa ya namba sita. Anapigilia mabati. Nilimwuliza atamuuzia nani humu mihogoni. Akasema yeye hauzi, yeye anasubiri.

Dume alikuja na kuyu mdomoni. Akasikia nyundo. Akatua mti wa mbali, akakaa dakika arobaini. Akaondoka na kuyu lake. Akarudi, ikawa vilevile. Kwenye ufa mdomo wa jike ulitoka, ukasubiri, ukarudi ndani mtupu. Mara mbili. Hawezi kutoka huyo. Manyoya ya kurukia huyapukutisha humo humo ndani. Asipoletewa, basi.

Sikuandika hili kwenye daftari la chama.

Nikamwambia Gozbert kwa ukali kwamba eneo hili haliruhusiwi kujengwa. Akanishukuru. Akaanza kupiga haraka zaidi, na akamwita shemeji yake aje kumsaidia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika kwa mpangilio ili nisijionee huruma.

Tulifika saa mbili. Mpango wangu ulikuwa twende moja kwa moja namba sita. Felicitas akasema, hatujabisha hodi kwa wenyewe. Akaingia kwa mwenyekiti, Mzee Bakari. Shikamoo ya kuanzia, habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi, za mguu unaouma, na nani kamwambia mguu unauma? Dakika arobaini! Tukasaini kitabu cha wageni, wote saba.

Mzee Bakari akauliza shida yetu. Mzee Romani akasema tumekuja kutazama ndege. Mzee Bakari akacheka hadi akashika mlingoti wa bendera. Madarubini yote haya, ndege? Semeni tu barabara, jamani, sie siyo watoto.

Watu walikuwa wameshajaa. Bibi Apolonia akaninyooshea kidole kwa fahari. Injinia wetu huyo hapo, yule mwembamba, haongeagi sana.

Wote wakanigeukia. Felicitas akautazama utepe kwenye mti wa kwanza. Akanitazama mimi. Ndiye aliyeufunga kwenye ile zawadi, kwa mikono yake. Kisha akaanza kumsifia Mzee Bakari mbuzi wake. Ningependa angenitaja.

Tukashuka na umati hadi namba sita. Gozbert alikuwa juu ya paa na nyundo. Dume yupo mti wa mbali, ana kuyu. Nikatazama saa. Dakika tano. Nane. Bado ningeweza kusema mchakato. Bado kiti kilikuwa changu. Ningewaonyesha tundu, wangeweka saini, tungeondoka. Dakika kumi na mbili. Mdomo ukatoka kwenye ufa, ukafunguka, ukarudi ndani.

Nikapiga kelele. Nilisema hakuna barabara. Utepe ni wangu. Ni hondohondo, jike yumo humu ndani, ana njaa. Gozbert, acha hiyo nyundo!

Nyundo ikasimama.

Bibi Apolonia ndiye aliyejibu. Huyo? Mama Rumande? Mjukuu wangu, si ungeuliza tu!

Wanamjua. Wote. Mwaka wa kumi na moja huu yuko kwenye tundu lilelile, na wamempa jina. Marehemu Wilfred alikwenda ndani, akarudi na kinyago cha hondohondo alichokichonga mwaka juzi, hadi ufa upo. Mwenyekiti akamkaripia Bibi Apolonia: na nyie mnaojua yupo, mkajenga chini yake? Bibi akasema injinia alisema ni mchakato.

Tukakaa chini wote. Gozbert akabaki juu ya paa, mkono mdomoni. Dume akaja. Kuyu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mama mmoja akapiga kigelegele kwa kunong'ona. Sikujua kinapigika hivyo.

Kisha nikashitakiwa. Hukumu: nije kila Jumamosi kumwagilia miche mpaka mvua ikolee. Miche ni mia mbili na kumi na minne. Maji ni ya kisima cha bondeni. Hapo Mzee Bakari akaleta hadithi ndefu: watu wa maji waliwahi kuja, wakapiga vigingi kwa duara nyuma ya banda lake la mbuzi, wakasema tangi litakaa hapa, kitongoji kizima kikafyeka njia ya kupitisha gari, hawajarudi, ni mwaka wa tisa. Haikuhusiana na kesi yangu. Naiandika kwa ajili ya ukamilifu tu.

Mwisho, kiti. Mzee Romani alisema kanuni ni kanuni. Mgunduzi ni aliyeona kwanza akiwa na shahidi. Bibi Apolonia ameona miaka kumi na moja, na mashahidi wake ni thelathini na mmoja, akiwemo marehemu. Kiti ni chake. Felicitas ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Bibi akauliza kama huko Usambara nako mgeni husaini kitabu. Akaambiwa ndiyo. Akanitazama, siyo kwa ubaya.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ndoo thelathini na nane. Mabega yanawaka. Felicitas alikuja, ingawa hakuhukumiwa. Alibeba ndoo na maandazi. Nikamwuliza anataka nini. Akasema amekuja tu. Hakuna mtu anayekuja tu. Nilikula andazi moja ili nisionyeshe kwamba nimemshtukia. Nikala la pili.

Lakini! Nilipokwenda kupumzika peke yangu nyuma ya banda la mbuzi la Mzee Bakari, kuna kichuguu. Kwenye kichuguu kuna shimo. Na kwenye shimo akaingia mdiria mdogo kabisa, mgongo wa bluu, kifua cha chungwa, na panzi mdomoni. Kiota! Januari kuna hesabu nyingine, na kiti kingine. Hakuna ajuaye ila mimi.

Nimetafakari makosa yangu kwa uaminifu. Yalikuwa mawili: rangi nyekundu na mstari. Mstari huelekea mahali, kwa hiyo watu hudhani mambo. Suala la kuuliza kwanza, kama alivyoshauri Bibi Apolonia, nimelipima pia. Naona ni mtazamo tu.

Safari hii hakuna miti. Nimepiga vigingi vinane kukizunguka kichuguu, na kuvifunga utepe wa bluu, rangi ya mbingu, isiyo na maana kwa mtu yeyote. Nimeviweka kwa duara. Duara haliendi popote.

Nilipoinuka, Mzee Bakari alikuwa amesimama kwenye uzio wake, amevua kofia. Sijui alikuwepo tangu lini. Aliitazama ile bluu, kigingi kwa kigingi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, ni lita ngapi.

Nikamwambia siwezi kuzungumzia jambo hilo kwa sasa.