Moshi wa Siberia

Jumatatu, 17 Aprili
Baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nimebadilisha vichujio vya hewa asubuhi, bunduki begani kwa ajili ya dubu, ambaye hakuja. Kisha habari mbaya. Mkuu wetu, Oddny, ametangaza kwamba majira ya baridi yajayo kituo chetu cha kupima hewa kitabaki na fundi mmoja tu wa vipimo. Mimi au Ragnhild. Ragnhild ana shahada mbili na hasahau kitu. Mimi nina miaka sita hapa Svalbard, visiwa vya barafu karibu na ncha ya kaskazini, na kwingine siwezi kuishi. Mjini hata usingizi sipati. Lazima nishinde. Udhaifu wa Oddny naujua: samaki wa kukaushwa kwa moshi.

Jumanne, 18 Aprili
Nimetengeneza tanuri la siri, pipa tu, nyuma ya banda la boti. Chewa watatu. Huku hakuna mti hata mmoja, ila ufuko umejaa magogo yaliyoletwa na bahari kutoka Siberia. Ni marufuku kuwasha moto ambao moshi wake utaelekea kibanda cha vipimo. Sheria naijua, niliibandika mimi ukutani. Asubuhi upepo ulitoka kaskazini, na pipa liko kusini mwa kibanda. Salama kabisa. Saa tisa nikawasha.

Jumatano, 19 Aprili
Makubwa! Mashine inayochambua chembe za hewani imeonyesha kwamba jana mchana palikuwa na masizi, pamoja na ile sukari inayotokea mti unapoungua. Tena mti wa jamii ya misonobari. Nimekaa mbele ya skrini mpaka kahawa ikapoa. Umetoka wapi moshi huu? Nimefungua ramani. Msitu wa misonobari ulio karibu, kwa upande wa mashariki, uko Siberia. Siberia inaungua, na duniani kote najua mimi peke yangu.

Oddny amesema ikithibitika, majira ya baridi ni yangu. Ragnhild akauliza moshi ulidumu muda gani. Saa moja na nusu, nikamjibu. "Umevuka nusu ya dunia ukakaa dakika tisini," akasema. "Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Wivu huo.

Alhamisi, 20 Aprili
Wale chewa walikuwa wabichi ndani. Nimewarudisha pipani saa tisa. Saa tisa na robo Siberia ikafika tena! Safari hii nimeona na chumvi ya bahari ndani ya moshi. Nimeandika kurasa nne kueleza jinsi moshi ulivyosafiri chini chini juu ya maji. Sijawahi kuandika vizuri hivi.

Ijumaa, 21 Aprili
Nimewaandalia wenzangu samaki kwa chakula cha mchana. Oddny alifumba macho kwa utamu. Ragnhild hakuja mezani, alikuwa anachora mwendo wa upepo dakika kwa dakika. Kumbe kila alasiri upepo hugeuka ukatoka kusini. Mimi huutazama asubuhi tu.

Ragnhild akaja, akasimama pale mlangoni tunapovulia viatu, akainusa jaketi yangu. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Siberia nimeiona. Imetundikwa hapa, msumari wa tatu." Oddny akaangalia sahani yake, akaniangalia mimi. Akauliza kuni zilitoka wapi. Nikasema ufukweni. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi, 22 Aprili
Majira ya baridi amepewa Ragnhild. Oddny alinieleza huku akimalizia samaki. Nimelia kidogo ghalani.

Halafu, nani angedhani, Ragnhild ameniombea kwa Oddny. Anataka nibaki mpaka meli ya Juni, nichome magogo hayo hayo kwa makusudi, niandike saa na upepo. Akishajua moshi mpya wa hapa unavyoonekana kwenye mashine, ataweza kuutofautisha na uliotoka mbali kweli. "Kuchoma unajua, Eilif," akasema. "Sasa jifunze kusema." Amenipa daftari. Magogo tu, kitu kingine chochote hapana. Nikifanya vizuri, Oddny atanitafutia nafasi mwakani.

Ni mtu mwema kuliko nilivyodhani. Nimeahidi.

Jumapili, 23 Aprili
Gogo la kwanza limeungua vizuri. Limeandikwa. Ila ghalani nimekuta mkanda wa mpira wa pikipiki ya theluji, umekatika, hauna kazi. Mpira ukiungua unatoa nini hewani? Nimeukata vipande vinne vidogo. Daftarini sitauandika. Nataka kuona kama Ragnhild atagundua.