Nusu Kozo, Nusu Mbao

Jumatatu, 19 Januari 1959
Theluji tena. Mgongo hauna hali. Jumamosi mkaguzi wa chama cha watengeneza karatasi anakuja. Nikifaulu, nabaki na mhuri wa kijiji, ule unaothibitisha karatasi ya mkono isiyochanganywa. Nikifeli, naenda mjini kuosha mabakuli kwa shemeji muuza tambi, yule anayeniita "bwana karatasi" mbele za watu.

Magome ya mti wa kozo, ndiyo malighafi ya karatasi yetu ya Kijapani, yanataka kuchemshwa, kuoshwa mtoni, kuokotwa uchafu chembe kwa chembe, kisha kupondwa mpaka yawe rojo. Nimechoka hata kuandika. Jirani Genzaburo ameshamaliza yake. Mtu gani yule!

Jumanne, 20
Dawa imepatikana. Rojo la mbao la kiwandani. Linakuja limekaushwa kama ubao; unaloweka, unakoroga, basi. Nitachanganya nusu kwa nusu na kozo, nani atajua?

Shangazi Kinu ameokota uchafu kwenye magome miaka hamsini, vidole vimepinda. Nimemwambia apumzike wiki hii. Akauliza tangu lini nina huruma. Nimeumia kidogo.

Alhamisi, 22
Karatasi nyeupe pe. Nusu kwa nusu imegeuka robo kozo, robo tatu mbao, maana kozo ilitaka kupondwa na mkono umegoma. Genzaburo kachungulia dirishani, kaguna. Eti nyeupe mno hiyo jirani, inaumwa? Wivu tu.

Jumamosi, 24
Mkaguzi hakujali weupe. Kachukua karatasi ya Genzaburo, kaichana: nyuzi ndefu za kozo zikatoka ukingoni kama ndevu. Kachana yangu. Ukingo safi, kama umekatwa kwa kisu. Akaniuliza kwa upole kama nimemletea gazeti.

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alisema angeokota, kama ningemwambia tu. Nimepewa siku kumi nilete karatasi nyingine, la sivyo mhuri unaondoka. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumapili, 25
Shangazi keshaloweka magome mapya mtoni, hata hakuniuliza. Anasema kazi yangu ni kuponda. Nitakwenda, mwili ukikubali.

Ila nimewaza. Mkaguzi anatafuta nyuzi ukingoni, hana shida nyingine. Rojo la mbao bado ninalo ndoo tatu. Na paka wa Genzaburo ana manyoya marefu, meupe, na siku nzima yuko jikoni kwangu anaota moto. Nimemwomba Genzaburo mkasi. Kaniazima.