Ulimi Uliowekewa Ng'ombe

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Kasese.

Leo nimeusoma mkataba wangu kwa mara ya kwanza. Sahihi nilitia miezi kumi iliyopita, lakini siku ile kulikuwa na soda na mandazi, sikupata nafasi ya kusoma.

Hali ni hii. Mimi ni mwonjaji wa kahawa kiwandani kwa Madamu Ronah. Nafyonza kahawa kwenye kijiko kwa mlio, naitema kwenye ndoo, halafu naandika nilichokikuta. Kazi ya heshima. Madamu ndiye aliyenipeleka Kampala miezi mitatu kuusomesha ulimi huu. Alilipa ada, chumba na chakula. Basi mkataba unasema nimtumikie miaka miwili, na nikiondoka mapema nirudishe gharama kwa kila mwezi uliobaki. Imebaki kumi na minne. Milioni mbili na laki nane! Mdhamini ni mama yangu, Bulandina wa Kitswamba. Aliweka kidole gumba, na nyuma ya kidole akaweka ng'ombe wake wa maziwa.

Jana nimepigiwa simu kutoka Bwera. Mama Consolée, Mkongo wa Butembo anayenunua kahawa pale mpakani, anatafuta mwonjaji. Mshahara mara mbili ya huu! Nimemwomba wiki mbili.

Ng'ombe simtoi. Milioni sina. Lakini chini kabisa ya ukurasa kuna kifungu cha saba: mwonjaji akipoteza ulimi kwa ugonjwa, hadaiwi kitu. Mungu hamtupi mja wake. Kesho naugua.

Jumanne, 7 Oktoba.

Nimeugua. Nilionja vikombe sita asubuhi na vyote nikaandika "maji ya moto". Madamu Ronah aliweka kalamu chini. Aliniuliza tangu lini. Nikasema tangu nilipoamka, na huenda ni vumbi.

Shafic, mwonjaji mwenzangu, hakusikitika hata kidogo. Huyu hakupelekwa Kampala. Alijifunza papa hapa, kwa kunichungulia mimi. Aliuliza kwa upole kama anaweza kutumia kijiko changu nikiwa mgonjwa. Bado sijafa!

Saa sita akaniletea kikombe. Wafanyakazi wote wamesimama. Niliponusa tu nikajua: chumvi ya Katwe, tena ile ya mawe, kiganja kizima. Nikanywa mpaka chini. Nikafuta mdomo, nikasema asante kwa maji.

Tumbo lilinguruma mpaka mlinzi akachungulia barabarani kama kuna lori linaingia. Lakini nimeshinda. Madamu machozi yalimlengalenga. Alisema pole sana, Kosiya, kijana mwenye ulimi kama huo. Niliona haya, kwa kweli. Haikudumu.

Jumatano, 8 Oktoba.

Nilikwenda ofisini kuchukua barua ya kuachiliwa. Nimepewa ovaroli.

Kumbe kuna kifungu cha nane. Kiko ukurasa wa pili. Kinasema kifungu cha saba kinafanya kazi pale tu ambapo hakuna kazi nyingine mgonjwa anayoweza kuifanya. Mikono yangu ni mizima. Mgongo pia, mpaka saa tano asubuhi. Nabeba magunia ya kilo sitini chini ya Afande Aaron, mlinzi wetu, aliyetoka jeshini zamani lakini jeshi halijamtoka. "Wewe ya ulimi! Beba! Hapana simama kama nguzo!" Nilimweleza kwamba mimi ni mtu wa cheti. Akaniongezea gunia.

Shafic amekaa kwenye kiti changu. Hata mlio wa kufyonza ameuiga.

Chakula cha mchana, Tabisa mpishi alinitilia pilipili tatu kwenye maharage, eti mimi sitasikia. Wote wakaja kutazama. Nikala. Machozi yakanitoka, nikasema nalia kwa sababu sisikii ladha. Tabisa naye akalia. Akaniongeza.

Alhamisi, 9 Oktoba. Bwera.

Sikukuu ya Uhuru, kazi hakuna. Nami nimeona si vibaya kujikomboa siku hiyo hiyo. Nimefika kwa Mama Consolée mapema.

Hakutaka maneno. Alisema kwanza auone ulimi. "Miye nalipa ulimi, silipi mudomo." Akaniwekea vikombe vitano bila majina, namba tu. Karani wake, Jean-Bosco, akasimama na karatasi.

Nikaonja. Ah! Siku mbili nimeishi kama mtu aliyefumba macho kwa makusudi. Kikombe cha kwanza kilikuwa na ndimu, nikataka kumkumbatia mtu. Kikombe cha tatu kilinisimamisha. Nikasema kahawa hii imeanikwa karibu na jiko la kuni, tena kuni mbichi. Halafu nikasema ni kikombe chenye haya: kinaanza vizuri, ukikiangalia kinajificha. Neno hilo ni langu. Nililitunga Kampala, na mwalimu akalinakili kwenye daftari lake.

Mama Consolée akapiga makofi. "Wee iko na ulimi ya kweli! Kazi iko, wee uje tu." Kisha Jean-Bosco akaleta ripoti niitie sahihi.

Hapo ndipo nilipotumia akili. Siwezi kuandika Bwambale Kosiya, jina langu, maana karatasi hutembea. Sasa, kwetu Wakonzo mtoto wa kiume wa pili huitwa Bwambale, apende asipende. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, ndugu zetu Wanande huyo wa pili humwita Kambale. Nikaandika: Kambale. Nani atajua? Nimevuka mpaka bila kuvuka daraja!

Jean-Bosco aliniangalia sana. Akaniuliza kama kwetu ni Beni au Butembo. Nikamjibu katikati. Akainama kwenye karatasi yake. Nadhani kwa heshima.

Jumatatu, 13 Oktoba. Kasese.

Kikombe cha tatu kilikuwa chetu.

Madamu Ronah alikuwa amepeleka sampuli kwa Mama Consolée ili amuuzie. Ripoti imerudi leo. Aliniita kutoka kwenye magunia, akamwita na Shafic, akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "kikombe chenye haya" akatua. Akasema katika milima yote hii anamjua mtu mmoja tu anayeiona haya kwenye kahawa, na mwenyewe hana.

Nikasema hata Kongo watu wana haya. Nikamwonyesha sahihi: Kambale. Akacheka mpaka akakaa. Akaniambia mume wake ni Bwambale, jirani wa kushoto ni Bwambale, na shangazi yake wa Beni amezaa Kambale wake. Kama nilitaka kujificha, kwa nini nilijificha nyuma ya jina langu mwenyewe? Nikasema labda ni Kambale mwingine aliyesoma Kampala. Shafic alitoka nje ili acheke vizuri.

Ningependa iandikwe mahali kwamba Tabisa kweli alihamishia jiko karibu na vitanda vya kuanikia. Nilikuwa sahihi! Hakuna aliyelitaja hilo.

Madamu hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Aliniwekea njia mbili. Nirudi kwenye kijiko, nimalize miezi yangu, naye atasahau. Au niondoke na nilipe. Kijiko chenyewe kilikuwa mezani, kimeoshwa. Amenipa mpaka Alhamisi.

Jumanne, 14 Oktoba. Kitswamba.

Nimekuja kwa mama. Nilimweleza taratibu kwamba hii si hasara: kwa mshahara wa Bwera nitamrudishia ng'ombe kabla ya mwaka kwisha, na mwingine juu yake. Nilichora na hesabu chini kwa kijiti. Alikuwa anapukuchua maharage, hakuangalia hesabu.

Aliniuliza kama Madamu ananipiga. Hapana. Kama mshahara unachelewa. Hapana. Kama chakula ni kibaya. Nikasema pilipili tu. Akauliza sasa nakimbia nini. Nikamjibu sikimbii kitu, nakimbilia kitu. Akaendelea kupukuchua mpaka maharage yakaisha.

Jioni alikamua, akanipa kikombe cha kwanza. Akaniuliza ulimi wa milioni unasikia nini humo. Nikafyonza. Nikasema majani mabichi, na chumvi kwa mbali. Akasema ninywe yote, kwa kuwa kesho hayapo.

Maziwa yalikuwa mazuri mno. Nikaomba kikombe cha pili.

Alhamisi, 16 Oktoba. Kasese.

Ng'ombe aliuzwa jana Muhokya. Mnunuzi alimsifu sana, jambo ambalo mama hakulipenda. Ndama amebaki Kitswamba, analia.

Saa nne nimemlipa Madamu Ronah, mpaka shilingi ya mwisho. Alinipa risiti. Akafunga na kilo moja ya kahawa iliyokaangwa, akasema ni ya mama, si yangu. Kisha nikasoma barua yangu ya kuacha kazi mbele ya wafanyakazi wote. Kurasa tatu. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili, pale ninapowasamehe, Afande Aaron akatoa amri: "Geuka nyuma! Tembea!" Miguu ikatii yenyewe.

Shafic hakuwepo kusikiliza. Hajaonekana tangu jana. Wivu unamla.

Ijumaa, 17 Oktoba. Bwera.

Kitini pangu amekaa Shafic.

Mama Consolée alinieleza bila kelele. Shafic alifika juzi. Hana mkataba na mtu, hakusomeshwa na mtu, hakudaiwa hata ndururu. Alisema kwaheri asubuhi, na mchana alikuwa Bwera. Nikasema mimi ndiye mwenye ulimi, Mama alipiga makofi mwenyewe! Alikubali. Lakini Shafic amemsimulia habari ya chumvi.

"Mutu anakunywa chumvi ya Katwe, anasema ni mayi," akasema Mama Consolée. "Kesho atakunywa kahawa yangu ya mubaya, atasema iko muzuri. Nilikuambia, mudomo silipi."

Nikauliza kuhusu pesa niliyolipa Kasese. Akasema pole, papa, yaani baba, pole sana, akaniagizia chai. Chai ilikuwa na moshi kidogo. Nikanywa mpaka chini.

Jean-Bosco alinisindikiza mpaka barabarani. Njia nzima aliniita Kambale.

Jumatatu, 20 Oktoba. Kasese.

Ushindi!

Madamu Ronah hana mwonjaji hata mmoja. Nilipotokea langoni Afande Aaron alinisimamisha juani saa nzima, halafu Madamu akatuma niitwe. Alinitazama sana. Akasema mimi ni mjinga, lakini jiko la Tabisa hakuna mwingine angelisikia. Hatimaye limetajwa!

Si hivyo tu. Ananipeleka tena Kampala, miezi miwili, nikajifunze kukaanga kahawa. Ada, chumba, chakula, vyote juu yake. Kazi ya kukaanga ina cheo kuliko ya kuonja, maana kuna mashine. Mkataba mpya ni wa miaka mitatu. Kulikuwa na soda na mandazi.

Bila mdhamini hakuna safari, kwa hiyo mama aliitwa kutoka Kitswamba. Safari hii aliweka ndama. Ndiye aliyebaki. Kabla ya kuweka kidole aliniuliza kama nimesoma. Nikamwambia yote. Akaigeuza ile karatasi mwenyewe, akakuta na nyuma kumeandikwa, akaniuliza hapo pamesemwa nini. Mama hajui kusoma, nikamtuliza: nyuma ni mambo ya mawakili. Alikitazama kidole chake kabla ya kukigandamiza kwenye wino. Baadaye alikipangusa kwenye kanga, mara nyingi, hata wino ulipokuwa umekwisha kutoka.

Nitamnunulia ng'ombe. Nimeapa, na safari hii najua pa kuanzia. Leo mchana, tukiwa langoni, Tabisa kaniambia kuna tajiri wa Fort Portal anatafuta mkaangaji, na si bahili wa mshahara. Namba yake ninayo.

Mkataba niliupitia hapo hapo, ukurasa wa kwanza wote, kwa makini. Kifungu cha saba hakijabadilika sana. Mkaangaji akiharibika kifua kwa moshi, anaachiliwa bila kudaiwa.

Nimeanza kukohoa kidogo kidogo, ili wazoee.