Kilichonifuata Ziwani

Jumatatu, 4 Machi

Balaa. Klabu yetu imeamua mashindano ya Jumamosi yafanyike ziwani, si bwawani tena. Kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio. Bwawani sina shida. Naona vigae, naona ukuta, nikichoka nasimama. Ziwani sioni chochote, na kisichoonekana kinaniona mimi. Naogopa, basi! Nikamwambia mke wangu kwamba mwaka huu nitapumzika. Akasema sawa, lakini baiskeli iliyoziba mlango wa sebule miaka yote hii ataichukua kaka yake. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ni mwanachama wa klabu hiyohiyo. Alikuwa kwenye kochi letu, akila chakula chetu. Akasema hana neno.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mbinu. Cheti cha daktari! Nikamweleza kwamba sikio la kushoto huniuma nikikaribia maji. Akachungulia kwa tochi. Akasema ameona masikio mengi, lakini safi kama lile bado. Akamwita nesi naye aje aone. Nimetoka bila cheti.

Alhamisi, 7 Machi

Mbinu mpya: kulizoea giza la maji kidogo kidogo. Karakanani kwangu, katikati ya friji za watu, nikajaza beseni maji, nikatia kahawa yafanane na ya ziwani, nikazamisha uso. Nilikuwa naendelea vizuri sana. Akaingia mama mmoja aliyeniletea friji isiyogandisha, akadhani nimekufa maji, akaninyanyua kwa ukosi wa shati huku akipiga mayowe. Mtaa mzima ukajaa mlangoni. Ameondoka na friji yake, eti hawezi kumwachia fundi mwenye mawazo. Nyumbani mke wangu akanikumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamjibu kwamba waliosema hivyo hawakutaja kina.

Jumamosi, 9 Machi

Nikapiga moyo konde. Kocha akamfunga kila mmoja boya la rangi ya machungwa kiunoni, kwa kamba, ili watu wa uokoaji watuone. Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naaga dunia kimoyomoyo. Mke wangu alisimama ufukweni, kashika taulo langu.

Hata sijafika mbali, kitu kikanigusa mguu. Nikageuka. Miwani ilijaa ukungu, lakini nilikiona: kikubwa, cha mviringo, rangi ya machungwa, kiko nyuma yangu kabisa. Hakina macho! Nikapinda kushoto, kikapinda kushoto. Nikaongeza kasi, nacho kikaongeza. Nilipiga maji kama mwendawazimu huku nikimwita mama yangu. Nikampita shemeji. Nikampita kocha, ambaye hata hakuwa anashindana.

Baada ya baiskeli na mbio, nimemaliza wa tatu. Mke wangu alinikumbatia mbele ya watu, jasho na yote. Nilitaka kulia, nikalia.

Jumapili, 10 Machi

Baiskeli imebaki. Shemeji kaja kuniambia kilichonifuata ni boya langu mwenyewe. Kijicho hicho! Tangu lini boya likajua kupinda kona? Nikamfahamisha kwamba mnyama yule alivutiwa na kamba. Mwezi ujao kuna kulivuka ziwa lote, na nimeshajiandikisha. Nitakwenda bila kamba, bila boya, kwa hiyo bila mnyama, polepole, nikitazama mandhari. Nikishindwa, achukue baiskeli. Akanipa mkono upesi sana. Kabla ya kuondoka akaniomba spana, akashusha kiti cha baiskeli hadi kimo chake. Nikamwelekeza kwamba kwangu kitakuwa kifupi mno. Hajui baiskeli kabisa, maskini.