Makamu Kumi na Mmoja wa Mwenyekiti

Jumatatu, 15 Septemba

Wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya chuoni imeanza. Mimi ni mwanafunzi mpya. Umri sitini na tisa, darasa la kompyuta kwa watu wazima. Nilifundisha Kiswahili Moshi miaka thelathini na minne. Sasa nafundishwa kubofya.

Tangazo ukutani: mwanafunzi yeyote anaweza kuanzisha chama. Wafuasi wasipungue kumi na wawili, waandikishwe Jumatano kwenye maonyesho ya vyama. Ijumaa uchaguzi. Nikajua hapo hapo. Chama cha Kiswahili. Mwenyekiti: mimi.

Sababu naiandika ili isije ikapotoshwa. Si cheo. Ni Angel, mjukuu wangu, miaka kumi na saba, anasoma chuo hicho hicho. Kiswahili anakielewa chote, ila hunijibu kwa Kiingereza. Mwezi uliopita, jikoni, alinitamkia sentensi nzima ya Kiswahili. Moyo uliniruka! Nikamweleza makosa yake matatu, kwa upole, kwa dakika ishirini. Hajasema nyingine mpaka leo. Ni wazi anahitaji chama.

Nikatoka darasani kwenda kwa Bi Jedidah, Mkenya anayesimamia vyama vya wanafunzi. Mshtuko! Mzee Alnashir kanitangulia asubuhi, kabla ya somo kuanza. Fomu ya Chama cha Kiswahili keshaijaza. Alnashir! Mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Tanga, jirani yetu huku ughaibuni, mtaa wa Queensbury, anayekaa kompyuta ya pili kutoka yangu na kucheka peke yake. Nililalamika saa nzima. Jedidah akasema vyama viwili vya lugha moja haviwezekani, tugombee hicho kimoja, na tusimletee vita ofisini.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekaanga maandazi sitini. Vijana hufuata chakula. Hilo nimelithibitisha kwa miaka thelathini na minne.

Vaileth, binti yangu, alirudi kutoka zamu yake hospitalini akakuta jiko lote limejaa unga. Aliuliza kuna msiba gani. Nikamweleza juu ya chama, malengo yake na muundo wake. Akasema, "Baba, si uongee na mtoto tu? Mnaishi nyumba moja." Nilimsamehe. Wauguzi hawafundishwi mambo ya taasisi.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya mishangao. Sijui nianze na upi.

Kwanza, mbwa. Chuo kimeleta mbwa wa kuwaondolea wanafunzi wasiwasi wa muhula mpya. Mkubwa, mweupe, kalala juu ya zulia. Shingoni ana kitambulisho cha chuo, chenye picha. Changu hakijatoka! Nimeambiwa nisubiri wiki mbili.

Pili, maandazi yangu yamezuiwa mlangoni. Hayana lebo. Hapa chakula cha kugawa lazima kiandikwe kilichomo ndani, wenye mzio wasidhurike. Nilimweleza bwana wa mlangoni kwamba kilichomo ni andazi. Hakushawishika.

Tatu, meza ya Alnashir. Kachori, zimepangwa kama askari, kila sahani na lebo yake iliyochapwa vizuri. Nikauliza kajifunzia wapi. Darasani, akasema, Jumatatu, pale nilipotoka. "Ulikosa somo zuri sana, Mwalimu," akasema, akanipa kachori. Nilikataa. Kisha nikala. Ilikuwa tamu, jambo lililonisikitisha.

Meza yangu ilikuwa tupu hadi saa saba. Hapo nikagundua kwamba foleni ya kumpapasa mbwa inapita mbele yangu. Watu arobaini, hawawezi kuondoka! Nikahamishia kiti changu kwenye foleni.

Hapa pana jambo la kueleza. Kijana haweki jina lake mahali mpaka ajue yeye atakuwa nani. Kwetu hili tunalifahamu, ndiyo maana hata kamati ya kuchimba choo ina mlezi, katibu na katibu msaidizi. Nikamwuliza Thérèse, binti wa Kikongo anayesomea ususi, kama angependa kuwa Makamu wa Mwenyekiti. Macho yakamng'aa. Akauliza kama cheo hicho kinaandikika kwenye maombi ya kazi. Nikasema bila shaka. Akaweka sahihi.

Nyuma yake Noel, wa ufundi bomba, alikuwa amesikia. Ningemnyimaje? Na aliyemfuata Noel?

Jumla kumi na mmoja. Wote Makamu. Kuanzia wa tatu, kila mmoja nilimnong'oneza aitunze siri hadi Ijumaa.

Alnashir kapata wanane tu. Angel nilimwona mezani kwake, anakula kachori na kucheka. Walikuwa wanaongea sana. Kwa lugha gani, sikusikia. Watu walikuwa wanamshangilia mbwa.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeandaa ratiba ya kesho. Itifaki, utambulisho, historia fupi ya lugha, risala, neno la mgeni rasmi, uchaguzi. Jedidah alisoma akashika kichwa. "Mgeni rasmi wa nini, Mwalimu? Ni watu ishirini na birika la chai, na chumba mnacho dakika arobaini." Nikamwambia mgeni rasmi ni yeye. Akanirudishia ratiba, akarudi kwenye kazi zake. Heshima huwalainisha watu.

Alnashir kaomba dakika mbili tu za kuzungumza. Maskini! Hana la kusema.

Ijumaa, 19 Septemba

Nilifungua mkutano mwenyewe. Itifaki ikachukua dakika tisa. Chumba hakikuwa na wakubwa wengi ila niliwatambua wote. Kisha nikaagiza utambulisho: kila mtu asimame, ataje jina na wadhifa. Mimi niliagiza! Hakuna aliyenilazimisha!

Thérèse akasimama. Makamu wa Mwenyekiti. Makofi. Noel akasimama. Makamu wa Mwenyekiti. Makofi machache. Wa tatu akasimama, akamtazama Noel, akanitazama mimi. Makamu. Wa nne alianza kucheka kabla hajasema. Kufikia wa saba chumba kizima kilikuwa kinahesabu kwa sauti. Thérèse akasema kwao Makamu huwa mmoja, na kwamba mimi, babu mzima na mvi zangu, nimeoa wake kumi na mmoja kwa siku moja.

Nikaanza kueleza. Nilieleza mfumo wa kamati tangu mwanzo wake. Nikasikia sauti nyuma.

"Babu, naomba ukae. Muda umekwisha, na watu bado hawajachagua."

Angel. Kwa Kiswahili! Mbele za watu! Nikakaa.

Akaendelea. Alisema yeye anataka chama ambacho mtu anaweza kukosea akaendelea kuongea. Kila Jumanne na Alhamisi, kituo cha basi, huongea na Mzee Alnashir mpaka basi lije. Tangu Machi! Tangu Machi, na mimi niko nyumba hiyo hiyo! Alnashir akasimama, akatumia dakika zake mbili kujitoa na kumpendekeza Angel.

Watu ishirini na wawili. Angel kura ishirini. Mimi mbili. Moja ni yangu. Ya pili, Alnashir alikiri mlangoni, ni yake. Alinionea huruma.

Nilimwuliza kwa nini mtoto huongea naye na si na mimi. Akafikiri, akasema, "Mimi huwa namwuliza, 'Halafu ikawaje?'"

Jumatatu, 22 Septemba

Asubuhi nimekuta karatasi chini ya mlango wangu. Mwandiko wa Angel. Kiswahili kitupu! Mistari sita! Anasema hajanikasirikia. Anasema mkutano wa kwanza ni Jumatano, nije kama mwanachama wa kawaida, nikae karibu naye, nisikilize. Anasema huwa anatamani kunisimulia mambo yake ya chuo, ila huogopa. Mwisho kaandika kwamba ananipenda.

Nimelia. Sikuona haya, nilikuwa peke yangu. Nimeisoma mara tano.

Mara ya sita niliona makosa manne.

Nimeyazungushia kalamu nyekundu, kwa upole, na pembeni nimefafanua kila moja. Kwa kuwa nafasi haikutosha, nimeongeza kurasa tatu. Nimempa saba kwa kumi, alama ambayo Moshi sikuitoa ovyo. Nimeirudisha chini ya mlango wake.

Atafurahi sana.