Mwenye Kuzidi Mahitaji

Jumatatu, 4 Machi

Nimeaibika mbele ya bohari nzima. Si kosa langu. Kosa ni la Kiingereza.

Ijumaa iliyopita Meneja mpya alisimama katikati ya marobota ya sponji, akapiga chafya mara tatu, akaniambia vumbi hili lazima tuli-mitigate. Nikaitikia kwa kichwa. Hapa kiwandani Meneja akitoa neno gumu kila mtu huitikia kwa kichwa, ndiyo heshima. Lakini mimi ni mtu wa vitendo. Nikalipasua neno: miti, geti. Akili hiyo! Miti ikiwa getini, vumbi la barabarani litapitia wapi? Jumamosi nikachimba mashimo sita peke yangu, nikapanda miche sita, mstari umenyooka kama rula.

Leo asubuhi lori la magodoro limeshindwa kutoka. Meneja akauliza nani kapanda msitu. Nikamjibu kwamba nimetekeleza agizo lake. Akanieleza taratibu kwamba ku-mitigate ni kupunguza makali ya jambo. Shemeji akacheka mpaka akakaa juu ya godoro.

Huyu Shemeji ni kaka wa mke wangu. Bohari ina makarani wawili tu, mimi na yeye, na kazi nilimtafutia mimi. Tenda wema nenda zako, wanasema. Mimi nimetenda, na nimebaki naye ofisi moja.

Miche miwili ya katikati imeng'olewa. Minne imebaki pembeni.

Jumanne, 5 Machi

Tangazo ubaoni! Nafasi ya mkuu wa bohari. Mwombaji awe anakidhi mahitaji yote ya kazi. Barua iandikwe kwa Kiingereza, ifike Ijumaa, majibu Jumatatu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: bohari itabaki na mtu mmoja. Maana yake mmoja wetu atapanda cheo na mwingine atapunguzwa kazini.

Nimemhurumia Shemeji. Kisha nimekwenda kununua kamusi.

Mkakati ni huu. Meneja anapenda maneno mazito. Nitamlisha maneno mazito mpaka avimbiwe. Kamusi nimeipata kwa muuza vitabu chakavu nyuma ya posta, ya Kiingereza kwa Kiswahili, nene kama tofali. Panya wameila pembeni. Nilipolalamika, muuzaji akasema panya hula maneno mepesi tu, magumu yanawashinda meno.

Mke wangu ni mkunga, kazi yake kaisomea kwa Kiingereza kuanzia jalada hadi jalada. Kasema nikikwama nimuulize. Nimemshukuru. Lakini Kiingereza cha wodini na cha ofisini ni vitu viwili. Yeye azalishe, mimi niandike.

Jumatano, 6 Machi

Neno la leo: ubiquitous. Maana: -a kuwepo kila mahali. Nimelikariri tangu asubuhi, huku natembea kinyumenyume kati ya rafu ili ubongo uchangamke. Kiwiko kikagonga pipa la gundi. Pipa likalala.

Meneja akaingia saa hiyohiyo, akauliza gundi ya oda ya hospitali iko wapi. Nikamjibu: ubiquitous, bosi.

Akatazama sakafu. Akatazama ukuta. Akacheka! Mara ya kwanza tangu aje. Akasema neno limekaa mahali pake. Kisha akaondoka, kiatu kimoja kikabaki.

Huo ni ushindi, nauandika kama ulivyo. Shemeji alipiga deki gundi yote, hakuokota hata neno moja. Namwona anavyojimaliza.

Alhamisi, 7 Machi

Nimelipata. Lilikuwa ukurasa wa kulia, limejificha chini ya doa la chai. Redundant. Maana: -enye kuzidi mahitaji.

Nimesimama. Nimekaa. Nimesoma tena. Tangazo linataka mtu anayekidhi mahitaji, na Kiingereza kina neno zima kwa ajili ya mtu anayeyazidi! Mtu huyo namjua, nimemnyoa leo asubuhi mbele ya kioo.

Barua nimeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nimeandika kwamba mimi ni redundant. Kwamba nimekuwa redundant katika bohari hii kwa miaka kumi na mmoja, na wenzangu wote watashuhudia. Kwamba tangu Meneja aje nimekuwa redundant zaidi. Kuhusu Shemeji nimetenda haki, maana damu nzito kuliko maji hata ikiwa ni ya mke. Nimesema ni kijana mzuri, ila kwa kweli yeye si redundant hata kidogo.

Jioni nimemkuta Shemeji nyumbani kwangu, anasahihishiwa barua na dada yake. Meza yangu! Taa yangu! Kalamu pia yangu. Barua yenyewe nusu ukurasa, nimeichungulia. Kasema anajua mali yote ilipo na hachelewi kazini. Basi. Hakuna hata neno moja la kumfanya mtu aitikie kwa kichwa.

Mke wangu akauliza kama na yangu aipitishie macho. Nikamwambia yangu imekwisha tiwa gundi.

Ijumaa, 8 Machi

Meneja kaniita ofisini. Barua yangu ilikuwa mbele yake. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema jambo hili limemkosesha raha wiki nzima, hakujua aanzie wapi, na sasa mimi nimemrahisishia. Akasema katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kuona mtu mkweli namna hii. Macho yake yalikuwa na machozi.

Nikamwambia ni kawaida yangu.

Nimeanza kufikiria kiti. Cha sasa kinanesa mguu mmoja.

Jumatatu, 11 Machi

Barua imetoka. Nimehesabu, neno langu limo mara mbili! Wamelinukuu! Uongozi umekubaliana nami kwa kauli moja kwamba mimi ni redundant, kuanzia mwisho wa wiki. Nikawapa mkono mafundi wa kushona magodoro, mmojammoja. Shemeji hakutaka kunitazama usoni. Wivu, nikasema moyoni, utamla.

Nimerudi nyumbani na soda sita. Mke wangu akaisoma barua. Akaisoma tena. Akakaa kwenye kiti na sare yake ya kazi, hajavua hata viatu, akauliza nani kawaambia kwamba mimi ni redundant. Nikasema kwa fahari kwamba ni mimi mwenyewe, kwa maandishi.

Akanieleza kwamba redundant ni mtu wa ziada. Mtu ambaye kazi inaweza kwenda bila yeye. Mtu wa kupunguzwa.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Miaka kumi na mmoja, na kwa mkono wangu mwenyewe, na mwandiko mzuri.

Soda tumekunywa, maana zilikuwa zimefunguliwa.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda kwa Meneja kuikana barua. Akasema haiwezekani, imekwisha fika makao makuu, na huko wameibandika ukutani ili wafanyakazi wengine waige.

Funguo za bohari ziko kiunoni kwa Shemeji. Akanifuata mpaka getini, akaniambia, "Shemeji, usinichukie. Nimemwambia bosi ile miti ina mwenyewe." Ikawa kweli. Katembea kwa Meneja mara tatu kuniombea. Kuanzia Jumatatu mimi ni mtunza miti ya getini. Miti minne, ndoo moja, mpira mmoja wa maji.

Nilitaka kumwambia asante. Nikamwambia mpira una tobo.

Alhamisi, 21 Machi

Kazi ya miti si mbaya. Ikifika saa nne imekwisha. Vumbi getini limepungua kweli, Meneja mwenyewe kakiri, kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Shemeji huniletea chai na kuuliza msitu unaendeleaje. Simjibu.

Muda nilionao sasa sijawahi kuwa nao. Nimekaa kivulini, yaani pale kivuli kitakapokuwa miti ikikua, nikatafakari kosa langu. Nimelipata. Kosa langu lilikuwa kutegemea neno la R. Herufi za mwisho mwisho haziaminiki. Nimerudi nyuma hadi N.

Kiwanda cha viatu ng'ambo ya barabara kinatafuta mkuu wa bohari. Nami nimepata neno, tena limenijia lenyewe, kamusi ilipofunguka kwa upepo. Notorious. Maana: anayejulikana sana na watu wengi, hasa kwa uov... Hapo panya wamekula. Lakini maana imekwisha timia. Nani katika mtaa huu hanijui? Nimeandika kwamba mimi ni notorious kwa utunzaji wa mali, kwamba kiwanda chote cha magodoro kitashuhudia, na kwamba nikipewa nafasi nitawafanya na wao wawe notorious.

Mke wangu kaomba, kwa upole sana, aisome kwanza kabla sijaipeleka.

Nimemwonyesha bahasha. Imekwisha tiwa gundi.