Tiki Moja, Chungu Kimoja

Lusungu aliposikia kwamba Mama Jubilate, mfinyanzi wa Matema, amenunua kompyuta ya gemu, aliimaliza chai yake kwa mkupuo mmoja na kusahau kulipa. Msimlaumu. Huyu ndiye aliyewauzia watu wa Makwale dawa ya kupaka mikakao ili isiibiwe, na habari kama hizi humwasha miguu.

Alimkuta mama amenuna. Kibanda chake cha gemu kinafunguliwa Jumamosi, siku ya gulio, na mpira wa gemu kwenye tivii ulikuwa unagandaganda, mshambuliaji anakimbia kama yuko kwenye tope la mpunga.

"Kadi ya grafiki ni nzima," Lusungu akatangaza, akiigonga kompyuta kwa kidole kama daktari. "Haina draiva. Draiva ndiyo programu inayoiambia ichore nini."

"Bei?"

"Mama yangu, mimi si mtu wa hela. Tiki moja kwenye skrini, chungu kimoja cha mchele. Na chungu chenyewe naondoka nacho. Sitaki viroba, vinatoboka." Jicho lake lilikuwa kwenye vyungu vikubwa vya maji.

Mchele aliokuwa nao mama ulikuwa wa kuivusha nyumba nzima mpaka mavuno. Mama akaguna. Lakini Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Haya, weka."

Lusungu akachomeka flashi. Vikatokea visanduku sita vya kuweka tiki, cha kwanza ni draiva yenyewe. Kwa mtu mkweli, kazi ilikuwa karibu imekwisha.

"Hiki cha pili ni cha nini?" mama akauliza.

"Sauti ya tivii. Ukikiacha, washangiliaji watakaa kama wako msibani."

"Na hiki?"

"Uzito wa vitu. Bila hiki mpira ukipigwa haushuki, unaelea mpaka Malawi."

"Hiki chenye picha ya miwani?"

"Kuna wachezaji wana macho mabaya, mama. Kipa hasa."

Cha tano kilikuwa cha kurekodi mabao, "uwe na ushahidi watu wakigombana." Cha sita kilileta habari za gemu mpya, ambazo kompyuta isipozipata, kwa maelezo ya Lusungu, hujisikia mpweke.

Tiki sita. Wakawasha. Mpira ukaganda kuliko mwanzo, maana kompyuta sasa inarekodi huku matangazo yanaruka mbele ya goli.

"Imevimbiwa," Lusungu akasema bila aibu hata chembe. "Tuondoe vitano. Kuondoa nako ni chungu kwa kila kimoja."

Mama akamtazama. "Ondoa vinne. Cha sauti kiache, sauti yangu inatokea kwenye tivii."

Hapo angeshtuka, jamani! Mteja anayejua kipi kibaki si wa kuchezewa. Lakini mwenzetu alikuwa anajumlisha vyungu.

Gemu likaenda safi. Mama na jirani yake Marta wakajaza vyungu kumi, Lusungu akavipakia mwenyewe kwenye bajaji aliyoikodi mpaka ikajaa, cha kumi kikabaki chini.

"Ndaga fijo, fundi," mama akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Kazi yako nimelipa. Sasa lipia vyungu."

"Vyungu?"

"Huku kwetu chungu kinauzwa kwa mchele unaokijaza. Hata mtoto anajua. Umechukua kumi."

Lusungu akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Wafinyanzi wa jirani walikwisha kusogea, mikono imejaa udongo.

"Basi chukueni vyungu vyenu, nipeni mchele wangu!"

"Viroba ulivikataa mwenyewe," Marta akamjibu. "Na chungu kikishatoka kikarudi, nani atakinunua? Watasema kina ufa."

Lusungu akaumwaga mchele kwenye mkeka, chungu baada ya chungu, machozi ya hasira yakimlenga, na mama akimkumbusha akung'ute vizuri. Vyungu tisa vitupu vikaijaza bajaji yote. Dereva akauliza kama abebe vyungu au ambebe yeye.

Ndipo watu wa barabara ya Ipinda walipomwona Lusungu akiikimbilia bajaji kwa nyuma, chungu cha kumi kichwani, na kila aliyepishana naye akimsimamisha kumuuliza bei.